Kabla ya Kuulizia Dawa, Pima Maji

Mtu akikuletea karatasi ya maabara inayosema mto unaolisha mabwawa yako una mikrogramu 2 za dawa fulani kwa lita, usikimbilie kuuliza kama kiasi hicho ni kingi au kidogo. Uliza kwanza maji yalikuwa na pH ngapi, yalichotwa saa ngapi, na yalikuwa magumu au laini. Dawa ileile, kwa kipimo kilekile, inaweza isimsumbue samaki katika maji ya huku ikamuua katika maji ya kule. Na tofauti hiyo si ya asilimia mbili tatu: imepimwa ikafika mara tisa, na mahali pengine mara ishirini na saba.

Haya yanamhusu mfugaji wa sato na kambare, bwana samaki wa kata, na mwanafunzi wa mazingira anayetumwa kuchota maji bila kuambiwa apime kitu gani kingine. Huhitaji kuwa mkemia. Kama umewahi kupoteza samaki kwa amonia, nusu ya somo unayo tayari.

Dawa zinafikaje mtoni? Mgonjwa anameza kidonge, mwili unatumia sehemu yake, na kinachobaki kinatoka na mkojo na kinyesi kikiwa dawa bado. Mabwawa ya kutibu majitaka, pale yalipo, yalijengwa ili kupunguza uchafu unaooza na vijidudu vya magonjwa. Dawa hazikuwa kwenye hesabu za wahandisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotafuta dawa 61 katika vituo 1,052 vya mito kwenye nchi 104, uliiweka Addis Ababa miongoni mwa miji mitatu yenye dawa nyingi zaidi mtoni, pamoja na Lahore na La Paz. Katika Mto Nairobi watafiti wamekuta dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi: nevirapini, lamivudini na zidovudini. Watu wanatibiwa, na hilo ni jambo la heri. Lawama ni ya mabomba, wala asibebeshwe mgonjwa.

Wewe mwenye bwawa huwezi kuyatengeneza mabomba ya mji. Huwezi pia kuzitoa dawa ndani ya maji kwa gharama unayoimudu. Unachoweza kukiongoza, tena kwa vifaa vya bei ya kawaida, ni maji yenyewe: pH yake, chokaa yake, ukijani wake. Ndiyo maana nayapa maji nafasi kubwa kuliko dawa katika mwongozo huu.

Anza na amonia unayoijua

Kila mfugaji amewahi kuambiwa kwamba amonia huua zaidi pH ikipanda. Wachache huambiwa kwa nini. Majini amonia huishi kwa sura mbili. Ya kwanza imebeba chaji ya umeme, ya pili haina. Utando wa chembe za matamvua umejengwa kwa mafuta, na kitu chenye chaji hakipendani na mafuta, kwa hiyo kinapita kwa shida. Kisicho na chaji kinapenya bila kubisha hodi. Katika nyuzijoto 25 na pH 7, sura isiyo na chaji haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 imepita theluthi moja. Hakuna aliyeongeza amonia. Ni maji yaliyoigeuza.

Dawa nyingi tunazomeza zina tabia hiyohiyo. Kila moja ina namba yake inayoitwa pKa, nayo ni pH ambayo nusu ya dawa ina chaji na nusu haina. Ukisogea hatua moja ya pH kutoka hapo, uwiano wa sura hizo mbili hubadilika mara kumi. Ukisogea hatua mbili, mara mia. Namba hii haipo kwenye boksi la dawa, lakini ipo katika vitabu vya famasia, na mfamasia yeyote aliyesoma anaweza kukutafutia.

Jambo la pili la kujua ni upande. Dawa zilizo besi, kama amonia, hupoteza chaji maji yakiwa ya alkali, na hapo ndipo zinakuwa hatari. Katika kundi hili wamo fluoksetini na setralini za sonona, amitriptilini, propranololi ya presha, tramadoli ya maumivu, na klorofenilamini, ile ya mafua na mzio inayouzwa kila duka la dawa. pKa zao ziko kwenye 9 hadi 10 hivi, maana yake katika maji ya pH 7 karibu zote zimefungwa na chaji.

Watafiti wa Japani waliwaweka samaki wadogo waitwao medaka katika maji yenye fluoksetini wakabadilisha pH tu. Kiasi cha kuua nusu ya samaki kwa saa 96 kilikuwa miligramu 5.5 kwa lita kwenye pH 7, kikashuka hadi 1.3 kwenye pH 8, na 0.20 kwenye pH 9. Gawanya mwenyewe: ni mara ishirini na saba na nusu. Huko Marekani setralini ilijaribiwa kwa samaki mwingine mdogo wa maji baridi, akifa nusu yake kwa saa 48 katika mikrogramu 647 kwa lita kwenye pH 6.5, 205 kwenye 7.5, na 72 tu kwenye 8.5.

Ziangalie namba hizo tena, kwa sababu zinafundisha jambo ambalo hesabu peke yake ingelificha. Kutoka pH 7 hadi 8, fluoksetini isiyo na chaji huongezeka takriban mara kumi, lakini ukali wake uliongezeka kama mara nne tu. Setralini nayo iliongezeka ukali kama mara tatu kwa kila hatua. Samaki hakufuata hesabu sawasawa. Sababu moja ni kwamba samaki akipumua hutoa kaboni dayoksaidi, nayo huyatia asidi maji membamba yanayogusa matamvua. pH ya pale si ile inayosomwa na kipimo chako. Sababu nyingine ni kwamba hata sura yenye chaji hupenya kidogo. Kwa hiyo tumia kanuni ya pKa kujua hatari inaelekea wapi, usiitumie kutabiri idadi ya samaki watakaokufa. Nimeona ripoti za ushauri zilizojaa desimali tatu tatu kutokana na kanuni hiyo. Desimali hizo ni mapambo.

Kuna pingamizi la haki hapa: vipimo hivyo vya kuua ni vikubwa mno kuliko kinachokutwa mitoni, ambako dawa huhesabiwa kwa nanogramu na mikrogramu chache. Ni kweli. Lakini samaki haharibikiwi kwa kufa tu. Nchini Sweden, mwaka 2013, watafiti waliripoti kwamba sangara wa Ulaya waliowekwa katika mikrogramu 1.8 kwa lita za oksazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, walichangamka kupita kawaida na kujitenga na wenzao. Samaki aliyejitenga na wenzake hadumu mbele ya mdomo wa mkubwa wake. Bwawani kwako hutaona maiti zikielea. Utaona ulaji usioeleweka, uzazi ulionyong’onyea, na mavuno yasiyolingana na chakula ulichonunua.

Asidi, na zile zisizojali

Kundi la pili ni dawa zilizo asidi, nazo huenda upande wa pili. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zina pKa kati ya 3 na 5, kwa hiyo katika maji ya alkali zimefungwa kabisa, na kadiri maji yanavyokuwa na asidi ndivyo zinavyofunguka. Diklofenaki, inayojulikana kwa kudhuru figo na matamvua ya samaki aina ya trauti, huwa na sura isiyo na chaji mara kumi zaidi kwenye pH 6 kuliko kwenye pH 7. Mwenye bwawa juu ya udongo mwekundu uliochujwa na mvua, au anayelishwa na maji ya kinamasi, aiangalie hii kuliko fluoksetini.

Ukitaka kuona makundi yote mawili kwa mpigo, chukua kidonge cha septrini. Ndani yake kuna dawa mbili: sulfamethoksazoli, iliyo asidi, na trimethoprimu, iliyo besi. Kwenye pH 6, karibu theluthi ya sulfamethoksazoli haina chaji, ilhali trimethoprimu iliyo huru ni kama asilimia 7. Peleka maji hayo kwenye pH 8: sulfamethoksazoli huru inashuka chini ya asilimia 1, na trimethoprimu huru inapita asilimia 85. Zilimezwa pamoja na zikatoka pamoja, lakini bwawa limezitenganisha. Hazimuui samaki kirahisi, ni kweli. Madhara yake makubwa yako kwa bakteria wanaozoea dawa, na kwa vimea vidogo vya majini. Ila kama maabara imekupa jumla tu ya “septrini”, ujue imekunyima habari unayoihitaji.

Kisha kuna dawa ambazo hazibadilishwi na pH ya maji ya kawaida. Oksazepamu ni mojawapo, nevirapini na parasetamo vilevile. Ya kuogopwa kuliko zote ni ethinilestradioli, homoni iliyomo katika vidonge vya uzazi wa mpango. Mwaka 2001 wanasayansi wa Kanada walianza kuitia katika ziwa dogo la majaribio huko Ontario, Ziwa 260, kwa kiasi cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, wakaendelea kwa majira matatu ya joto. Madume ya samaki wadogo yalianza kuwa na dalili za majike, na jamii ya samaki hao ikakaribia kutoweka ziwani. Nanogramu tano ni sehemu ya mikrogramu isiyofika hata moja kwa mia. Mbele ya dawa kama hiyo kipimo chako cha pH hakina la kusema, na ni vyema ulijue hilo kabla mtu hajakuuzia chokaa kama tiba ya kila kitu.

Maji yetu na majedwali ya wenzetu

Majedwali mengi ya sumu utakayoyaona yametokana na majaribio ya Ulaya, Marekani na Japani. Mwongozo wa OECD namba 203, unaofuatwa na maabara nyingi duniani kupima sumu kwa samaki, unataka maji ya jaribio yawe kati ya pH 6.0 na 8.5. Sasa tazama ramani yetu. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH iliyo karibu na 9. Turkana imepita 9. Victoria hucheza kati ya 7 na 9, na katika ghuba zenye maji ya kijani, kama Winam kwa upande wa Kenya na Ghuba ya Mwanza, mchana wa jua hupandisha kipimo hadi ukingo wa juu. Huko Magadi pH inafika 10, na samaki wa pale ameacha kabisa kutoa amonia. Hutoa urea, kama sisi, maana katika maji yale amonia ingemrudia mwilini.

Kwa hiyo ukisoma kwamba dawa fulani iliyo besi “ni salama hadi kiasi hiki”, uliza usalama huo ulipimwa katika pH gani. Ukikuta ni 7 au 7.5 na wewe una vizimba ziwani kwenye 8.8, usiutegemee. Kwa dawa za asidi kosa linakuwa la upande mwingine, jedwali linakutisha kuliko inavyostahili.

Pima mara mbili kwa siku

Kosa la kawaida ni kupima pH asubuhi, kuandika 7.4, na kwenda nyumbani. Vimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani hunyonya kaboni dayoksaidi mchana ili vijitengenezee chakula, na kaboni dayoksaidi ikipungua, asidi inapungua na pH inapanda. Usiku vinapumua kama samaki, kaboni dayoksaidi inarudi, pH inashuka. Katika bwawa la kijani lenye maji laini, 7 ya alfajiri inaweza kuwa 9.5 alasiri. Kwa dawa iliyo besi, hayo ni mabwawa mawili tofauti kwa siku moja.

Basi pima kabla jua halijachomoza, saa kumi na mbili asubuhi au mapema zaidi, kisha pima tena saa tisa hadi saa kumi alasiri, ukiandika zote mbili. Fanya hivyo siku ya jua kali na siku ya mawingu. Ikiwa tofauti haizidi nusu hatua, bwawa lako limetulia. Ikifika hatua mbili, una kazi.

Kuhusu kifaa: karatasi za kuchovya zinafaa kujua kama maji ni ya asidi au alkali, lakini hazitofautishi vizuri 8.2 na 8.8, nasi tumeona thamani ya tofauti hiyo. Kipima pH cha mkononi ni bora, mradi ukirekebishe kwa maji ya kipimo kabla ya kukitumia. Watu wengi hukirekebisha kwa pH 4 na 7 kwa sababu ndivyo vipakiti vilivyokuja na kifaa. Kwa maji yetu tumia 7 na 10. Kipimo kilichokaa miezi bila kurekebishwa kitakudanganya kwa utulivu kabisa, bila hata taa nyekundu.

Pamoja na pH, pima alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili mabadiliko ya pH. Vifaa vya matone vinavyouzwa kwa wafugaji vinatosha. Alkaliniti ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, pH itayumba kila siku utake usitake. Ikiwa juu ya 50, kuyumba kunapungua, na kwa mabwawa mengi ya sato hapo pazuri. Njia salama ya kuipandisha ni chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa, ambayo huyeyuka polepole na haivuki mipaka. Chokaa iliyochomwa, iwe hai au iliyozimwa, ni kitu kingine. Inaweza kupeleka pH juu ya 10 ndani ya muda mfupi. Itumie kuua vimelea katika bwawa tupu. Ukiitupa ndani ya bwawa lenye samaki na lenye mabaki ya dawa za besi, unakuwa umezifungulia milango zote kwa siku moja, na amonia juu yake.

Njia nyingine ya kushusha kilele cha alasiri ni kupunguza ukijani wenyewe: punguza mbolea na chakula kinachobaki. Pima kwa diski ya Secchi, kile kisahani kinachozamishwa majini kuona uangavu wake. Ikipotea machoni kabla ya sentimita 20, maji yamezidi rutuba. Ikipotea kati ya 30 na 45, endelea kama ulivyo.

Mrututu, OTC, na maji magumu

Kila nilichosema hadi sasa kinahusu sura isiyo na chaji. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, unavunja kanuni hiyo, na unatumika sana kuua vimelea na vimea, kwa hiyo tuupe muda. Sumu ya shaba iko katika ayoni yenye chaji. Katika maji magumu, kalisiamu inagombania nafasi na shaba kwenye matamvua, na kaboneti ya maji ya alkali huikamata shaba isimfikie samaki. Katika maji laini yasiyo na alkaliniti hakuna kinachoizuia. Ndiyo sababu kipimo cha mrututu hutolewa kwa alkaliniti: gawanya alkaliniti kwa 100, upate miligramu za mrututu kwa lita. Bwawa lenye alkaliniti 120 litapewa 1.2. Kama lina meta za mraba 300 na kina cha wastani wa meta 1, hizo ni meta za ujazo 300, na miligramu moja kwa lita ni gramu moja kwa meta ya ujazo, kwa hiyo ni gramu 360 kwa bwawa zima. Alkaliniti ikiwa chini ya 50, achana nao. Na hata ukiwa na maji yanayoruhusu, usiutie kwenye bwawa lililojaa ukijani bila kuwa na namna ya kuongeza hewa, kwani vimea vikifa vyote kwa pamoja huoza na kula oksijeni, samaki wakafa kwa kukosa pumzi huku mwenye bwawa akiulaumu mrututu.

Oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wa kuku huiita OTC, inaathiriwa na maji magumu kwa namna nyingine. Hushikana na kalisiamu na magnesiamu, na ikishikana haipenyi vizuri mwilini mwa samaki. Mfugaji anaimwaga bwawani, haoni nafuu, anaongeza. Samaki hapati tiba, ila bakteria wa matopeni wanapata shule ya bure ya usugu. Nasema wazi: OTC ya kumwaga bwawani, katika maji magumu, ni hasara mara mbili. Kama samaki wanaumwa ugonjwa wa bakteria na daktari wa mifugo ameithibitisha dawa, ipitie kwenye chakula, kwa siku alizoandika, na samaki wasiuzwe kabla muda wa kusubiri kwisha.

Dawa za jamii ya siprofloksasini hushikana pia na kalisiamu na magnesiamu, na hupenda sana matope. Ukipima maji tu unaweza kukuta hazimo, kumbe zimelala chini.

Matope, joto na samadi

Maji yenye rangi ya chai, yaliyopita kwenye majani yaliyooza, hubeba vitu vinavyokamata dawa nyingi na kuzizuia zisimfikie samaki. Ni kinga ya kiasi, na huja na sharti: matope yakitibuliwa, kwa mvua kubwa au kwa kokoro, sehemu ya kilichokamatwa hurudi majini. Jua nalo husaidia. Diklofenaki huharibiwa haraka na mwanga, lakini mwanga haufiki chini ya maji yaliyokolea ukijani, na hapo unaona jinsi ukijani unavyokudai pande mbili.

Joto na upungufu wa hewa vinakwenda pamoja. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati samaki anahitaji nyingi, kwa hiyo anapitisha maji mengi zaidi kwenye matamvua, na kila lita ya ziada inakuja na dawa yake. Usiongeze maji ya mto unaoutilia shaka wakati samaki wanahema juu juu, hata kama lengo lako ni kuwapa hewa. Tafuta pampu, au pigapiga maji.

Sasa samadi. Wengi wetu tunarutubisha mabwawa kwa mavi ya ng’ombe, mbuzi au kuku, na hakuna ubaya wowote katika hilo, ila kwa mnyama aliyetibiwa karibuni. Ng’ombe akipewa ivermektini, sehemu kubwa hutoka na kinyesi ikiwa dawa kamili. Ivermektini ni miongoni mwa sumu kali kabisa kwa viumbe wa majini: trauti hufa nusu yake kwa mikrogramu 3 tu kwa lita, na wadudu wadogo wa majini, ambao ni chakula cha vifaranga vya samaki, hufa kwa kiasi kidogo zaidi ya hapo. pH haiibadilishi. Kinachoipunguza ni kwamba hushikamana na matope kwa nguvu. Usitegemee matope hayo. Ng’ombe waliopewa dawa ya minyoo, mavi yao yapeleke shambani, yasiende bwawani, kwa wiki kadhaa, na umwambie kijana anayebeba samadi ni ng’ombe gani hao. Kwa kuku waliofugwa juu ya bwawa, daftari la chanjo na dawa liwe karibu na daftari la samaki. Ukiwapa kuku dawa, umewapa samaki.

Dawa zilizokwisha muda nyumbani zisitupwe chooni wala kwenye mfereji. Duka la dawa au zahanati iulizwe kama inazipokea.

Ukituma sampuli

Siku utakapoamua kulipia kipimo cha maabara, ambacho si rahisi, kiandae vizuri. Omba chupa kwa maabara yenyewe, kwa kawaida za kioo cha kahawia kinachozuia mwanga, na usizisuuze kwa sabuni. Chota alfajiri chupa moja na alasiri nyingine. pH ipimwe palepale ukingoni, papo hapo, kwa sababu kaboni dayoksaidi huendelea kuingia na kutoka ndani ya chupa njiani na namba inayosomwa mjini kesho yake si ya bwawa lako. Vivyo hivyo joto na oksijeni. Weka chupa kwenye barafu, zifike haraka.

Kwenye lebo andika mahali, tarehe, saa, pH, joto, alkaliniti, na kama mvua ilinyesha siku mbili zilizopita. Andika pia dawa ulizotumia wewe mwenyewe shambani mwezi huo, hata zile unazoona aibu kuzitaja. Mwulize mpimaji kama atayachuja maji kabla ya kupima. Akiyachuja, dawa iliyoshikana na tope inabaki kwenye kichujio, na wewe utapewa namba ya ile iliyoyeyuka tu. Kama bwawa lako ni la matope, ongeza kopo moja la tope la chini na ulipie lipimwe pia.